Ondoa Kinu, Abaki Mama Peke Yake

Mpendwa mshauri Bi Thuraya, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama gazeti lina nafasi naomba barua yangu isikatwe katikati kama mnavyowakatia wengine, maana nikikatwa nusu nitaonekana mimi ndiye mbaya, na kuonekana mbaya nimeshaonekana nyumbani kwangu, sihitaji tena kuonekana hivyo na watu wa Tanga na Kibiti.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Zinga, nina mtoto mmoja anaitwa Shuaibu, na nina kibanda changu barabarani ambacho hakuna aliyenijengea. Kazi yangu ni kusafisha video za watu. Siyo zile za harusi zenye kamera tatu, hapana, ni hizi za nyumbani, mtu amerekodi maulidi kwa simu, amerekodi mtoto anahitimisha juzuu, amerekodi babu yake anasimulia, halafu akifungua anasikia feni, jenereta na bodaboda, babu hasikiki, basi ananiletea mimi. Sikufundishwa na mtu. Nilianza na simu iliyopasuka kioo, nikaja nikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, na leo ukiniletea klipu yako nakwambia hapohapo, kelele hizi zitatoka asilimia themanini, hizi hazitoki hata ishirini, usinipotezee muda. Sisemi hivi kujisifu, nataka tu ujue kwamba yaliyonikuta hayakumkuta mtu asiyejua kazi.

Mama mkwe wangu, Bi Habiba, Mungu amrehemu, alifariki sikukuu ya Idi haijaisha. Siku ya vunja jungu, Ramadhani haijaingia, watoto wake wote walikuwa wamekuja kula pamoja, na baada ya alasiri akakaa mkekani uani akasema anataka kuwapa radhi zake, mmoja mmoja kwa jina, kwa sababu hajui kama mfungo mwingine utamkuta. Watu wakaanza kupapasa simu, huyu yake haina chaji, yule yake imejaa, basi nikachukua yangu, nikaiegemeza kwenye jagi juu ya stuli, nikaipanga uso wa mama ukae katikati, nikabonyeza, nikarudi jikoni. Jikoni kwetu ni banda la makuti lisilo na mlango, liko hapohapo uani. Nilikuwa na kisamvu cha watu zaidi ya ishirini na magharibi inakaribia. Hakuna aliyesema mama Shuaibu acha kutwanga, mama anaongea. Mama mwenyewe hakusema. Nikatwanga.

Kwa hiyo ile klipu ya dakika kumi na nne, ambayo sasa ndiyo sauti ya mama pekee tuliyobaki nayo, ina watu wawili: mama anatoa radhi, na mimi natwanga kisamvu.

Sasa tunakaribia hitma ya arobaini, na mume wangu Mwishehe akanambia, "Mama Shuaibu, ile video tutaiweka siku ya hitma, ndugu wote wataiona. Wewe si ndiyo kazi yako? Toa zile kelele za kinu, abaki mama peke yake." Alisema vizuri tu, anakunywa chai yake, na mimi nikasema sawa, kwa sababu tangu niolewe miaka tisa nasema sawa.

Bi Thuraya, nikueleze kidogo ili uelewe. Kelele inayovuma vilevile mwanzo hadi mwisho, kama ile mashine ya kusaga ya jirani yetu, ni rahisi kuitoa. Unatafuta kipande ambacho hakuna anayesema, unaionyesha programu, unaiambia sikiliza, hii ndiyo kelele, popote utakapoikuta iondoe. Kinu si hivyo. Kinu kinapiga na kunyamaza, na pigo lake ni zito, linakaa chini kulekule ilikokuwa inakaa sauti ya mama, maana alikuwa na sauti ya kifuani kama ya mwanamume. Ukikivuta kinu, mama naye anakuja. Nikasema basi nianze na kinachowezekana, nitoe mashine ya kusaga kwanza, nikatafuta kipande cha ukimya. Nikakipata pale alipomaliza kumpa radhi mwanawe wa kwanza, ameinamisha kichwa, ametulia, na mimi kwa bahati nilikuwa nimeweka mchi chini nageuza majani kinuni. Nikakichukua kipande kile kuwa ndiyo mfano wa kelele.

Hakikuwa kimya. Mama alikuwa analeta uradi, dua zake za chini kwa chini. Wazee wetu unawajua, wakinyamaza hawajanyamaza, midomo inacheza, sauti iko kifuani, usipokuwa na hedfoni nzuri husikii kitu, na hedfoni zangu zilikuwa zimekufa upande mmoja. Kwa hiyo nilichoiambia programu ni kwamba pumzi ya mama na uradi wake ndiyo kelele, nenda kavitoe kila mahali, na programu haina adabu, ikaenda ikavitoa. Halafu nikakivamia kinu nacho, nikakikata kila nilipokiona kwenye mawimbi ya sauti pale kompyutani, na kwa kuwa wateja walikuwa wananisubiri nikaipeleka nyumbani sijaisikiliza mpaka mwisho.

Tukaiweka Jumapili baada ya chakula cha mchana, wote wamekaa. Ikatoka sauti ya mtu aliye ndani ya tangi la maji. Maneno ni ya mama, mdomo ni wa mama, sauti sijui ya nani. Wifi yangu Dija, dada yake Mwishehe, akaniuliza taratibu kabisa:

"Wifi, huyu nani?"

"Mama."

"Mama yangu mimi? Huyu jini. Umemtoa mama umetuwekea jini."

"Ni programu, wifi. Nitairudia."

"Programu haikuwa na kisirani na mama. Na mbona anababaika hivi? Anasema neno, anakaa, anasema neno, anakaa. Mama yangu hakuwa anababaika."

"Maneno yake sijayagusa. Vile vituo vimo hata kwenye ile ya mwanzo."

"Hata marehemu humwachi apumzike, wifi. Alikukosea nini?"

Mume wangu akasema, "Mama Shuaibu, usilete maneno." Mimi ambaye nilikuwa nimeshanyamaza.

Bi Thuraya, mimi na mama hatukugombana. Hatukuongea pia, zaidi ya chumvi na kuni. Alikuwa anaonja mboga yangu anaweka kijiko chini, basi, hasemi nzuri hasemi mbaya. Mimi nilikuwa namchemshia maji ya kuoga kabla sijafungua kibanda, naye anaoga. Hicho ndicho kisirani chetu chote.

Dija akampigia hapohapo kijana mmoja wa Kerege anaitwa Abdulnasir, anapiga picha za harusi, akamweleza yote, akaiweka simu wote tusikie. Kijana akasema, "Dada Dija, hiyo kazi ya robo saa. Naipiga akili mnemba, kinu kinakwenda, kuku wanakwenda, bibi anabaki kama yuko studio. Na vile vituo vyake naviunga, ataongea kama mtangazaji. Nitumieni tu ile ya mwanzo ambayo haijaguswa." Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu ile ya mwanzo iko kwenye simu yangu tu, ya kompyutani ndiyo hiyo niliyokwisha kuikata.

Nikawaambia simu imeleta shida ya memori, naipeleka kwa fundi. Haijaleta shida yoyote. Iko hapa mezani ninapokuandikia.

Na sababu ya kusema uongo ule ni hii, nayo naona aibu kuiandika. Juzi kibandani mteja hakuna, nikafungua video zote za ukoo wa mume wangu nilizowahi kuzisafisha, sikukuu, maulidi, tohara za watoto, zinapita mia, na nyingi nimezirekodi mimi. Nikajitafuta. Nimo kwenye nne. Ya kwanza ni kiwiko, ya pili ni mkono unaweka sahani, ya tatu ni mgongo, ya nne nimo kweli ila nimefumba macho. Nikarudi kwenye ile ya mama, nikaona kwamba mahali pekee katika nyumba ile nilipo mwanzo hadi mwisho, dakika kumi na nne sijaondoka, ni kwenye kile kinu. Na katika radhi zile jina langu halimo, nimelitafuta kama anayetafuta sindano mchangani, ametajwa hadi mkwewe wa Ubena ambaye hakuja, mimi sikutajwa. Nimo kwa kutwanga tu. Na sasa hata huko natakiwa nijitoe kwa mkono wangu mwenyewe, bure, na wananilaumu kwamba sikujitoa vizuri.

Nimechoka, Bi Thuraya. Silii, sigombi, nimechoka tu, nikikaa nasinzia. Naomba unishauri: niwape ile ya mwanzo Abdulnasir akanifute, au nikae nayo, au niifute tukose wote? Kuna wakati kidole kimefika pale. Na je, mimi ni mtu mbaya kutaka kelele zangu zibaki kwenye radhi za watu?

Ni mimi wa jikoni, Zinga.

Bi Thuraya anajibu:

Mwanangu wa Zinga, marahaba. Barua yako imepita nzima kama ulivyotaka, na nimeitoa nyuma ya foleni nikaileta mbele kwa sababu hitma haisubiri zamu. Majina nimeyabadilisha, la wifi yako nimelibadilisha mara mbili.

Naanza na lililo baya ili tumalizane nalo. Umedanganya, na umedanganya juu ya kitu kisicho chako. Uliegemeza simu kwenye jagi, Mungu akulipe, lakini kuegemeza simu hakukufanyi uyamiliki maneno ya mama wa watu. Ile ni amana. Leo, kabla hujawasha moto, mtumie mumeo ile ya mwanzo, mtumie Dija, na yule kijana wa Kerege mtumie pia. Weka nyingine kwenye kompyuta yako na nyingine kwenye flashi. Klipu moja, simu moja, ukoo mzima unaitegemea, na wewe ndiye mtu wa kazi hiyo: simu ingetumbukia kwenye ndoo ungesema nini? Na hicho kidole kilichofika pale, kirudishe. Wewe huna hasira ya kufuta, una uchovu, na mtu aliyechoka hafuti kitu mpaka alale kwanza.

Dija usimwombe radhi kwa kumchukia mama yake, kwa sababu hukumchukia. Mwombe radhi kwa kuleta kazi ambayo hukuisikiliza mpaka mwisho. Mteja ungemfanyia hivyo? Ungemwona anakuja na shoga zake kibandani. Ile "jini" yake ilikuwa kali, lakini mtu aliyefiwa na mama akakuta sauti ya mama imeharibika unategemea aseme nini, asante?

Sasa kwenye kazi. Barua yako nimemsomea fundi wetu wa sauti, bwana Yahya, mtu ambaye sijawahi kumwona anacheka zaidi ya mara moja kwa wiki, na ya wiki hii aliitumia kwenye tangi la maji. Akasema kipande cha mfano kisichukuliwe kamwe mahali ambapo mtu yupo anapumua, hata kama amefunga mdomo. Nenda mwisho wa klipu, pale mama alipoinuka, bila shaka kwenda kutawadha, na wewe hujaja kuizima simu. Lazima kuna sekunde kadhaa za mashine ya kusaga peke yake. Chukua hizo. Halafu akaniuliza swali moja: "Hivyo vituo vya bibi vinaangukia wapi?"

Mimi nimekulia nyumba yenye kinu, na nakwambia utakachokikuta kabla hujafungua hiyo kompyuta. Weka mawimbi ya ile ya mwanzo mbele yako, angalia kila mahali mama alipokaa kimya. Utakuta mchi. Mtu aliyeishi na kinu uani haongei juu ya pigo, anangoja lishuke, anasema, anangoja tena. Mama mkwe wako hakuwa anababaika. Alikuwa anakupisha. Dakika kumi na nne nzima, katika jambo zito kuliko yote aliyowaachia wanawe, alikuwa anapanga maneno yake kufuata mkono wako.

Usikimbilie kulia. Sisemi alikupenda, mimi sikumjua. Jina lako hakulitaja, na hilo sitalifunika kwa maneno matamu. Nasema tu kwamba alikuwa mwenye nyumba, angeweza kusema acha kutwanga na ungeacha, na hakusema. Lichukue hilo lilivyo, usiliongezee sukari.

Lakini kwa kazi hii ndilo linaloamua. Ukikitoa kinu chote, unaacha mashimo pale alipokuwa anangoja, na watu wa hitma watamwona kikongwe aliyepotewa na maneno, jambo ambalo Dija ameshaliona na limemuuma. Kijana wa Kerege akiyaziba hayo mashimo, atakuwa amempa mama mwendo wa kuongea ambao hakuwa nao, radhi zinamtoka kama tangazo la sabuni. Vyote viwili si mama. Kwa hiyo fanya hivi: mashine ya kusaga iondoe, kinu kipunguze mpaka kisimfunike, ukiache kisikike kwa mbali. Usikiache kwa ajili yako. Kiache kwa sababu bila hicho yeye haeleweki.

Hilo la kwako ni jingine, na hapa ndipo nitakapokugombeza. Unataka kuonekana katika nyumba ile, na una haki, miaka tisa si mchezo. Ila umekwenda kulidai kwa marehemu. Umetaka mama mkwe aliye kaburini na programu ya kompyuta wakusemee jambo ambalo mdomo wako haujalisema hata siku moja. Mimi usiyenijua umeniandikia kurasa tatu. Mumeo anayelala ubavuni umemwambia "sawa". Angejuaje? Anakunywa chai, ameambiwa sawa, ameamini ni sawa. Wanaume wengi hawana ubaya zaidi ya huo, ingawa na huo unatosha.

Mwite Mwishehe kibandani kwako, mchana, peke yake, asije na dada yake. Nunua hedfoni zinazosikika pande zote mbili, mvalishe, mwekee kwanza ile ya mwanzo, dakika moja inatosha, umwonyeshe kwa kidole: pigo, neno, pigo, neno. Kisha mwekee ile utakayokuwa umeitengeneza. Atakapovua hizo hedfoni, usizungumze habari za sauti tena. Mwambie, "Baba Shuaibu, hicho kinu ni mimi. Katika video za kwenu zote sina mahali pengine." Ukishasema, nyamaza, umwache ajibu. Akisema usilete maneno, mwambie safari hii umeyaleta kweli, na unangoja majibu.

Baadaye waitishe ndugu, wasikilize yako na ya Abdulnasir, wachague wenyewe. Wakichagua ya Abdulnasir, waache. Ni mama yao, huzuni ni yao, na mtu aliyefiwa ana haki ya kuchagua vibaya. Ile isiyoguswa itakuwa imeshafika kwenye simu ya kila mmoja, atakayeihitaji miaka ijayo ataikuta. Na umeniuliza kama wewe ni mtu mbaya. Mtu mbaya angeshaifuta zamani, asingekaa anaandika barua.

La mwisho si ombi. Siku ya hitma hupiki. Mwambie mumeo mapema, ukoo wenu una wanawake wa kutosha, na wanaume wenye mikono pia wapo, atafute wa kusimamia masufuria. Wewe oga, vaa, funga kilemba chako vizuri, ukae mkekani mbele pamoja na wanawake wengine kabla video haijawashwa. Mtu akija kukunong'oneza kwamba wali unashika chini, mwambie umesikia, na usinyanyuke. Wataula hivyohivyo.